Kozi ya mifumo ya habari si ya walioshindwa, iulize Balambala

Matokeo ya KCSE yakitoka na KUCCPS ikafungua tovuti yake, saiba za mji wa Garissa hujaa vijana. Wengine wametoka Sankuri, hapo karibu. Wengine wametoka Saka, Danyere, Jara Jara na Balambala yenyewe, ukifuata mto Tana kuelekea juu, wamefika kwa lori au nyuma ya bodaboda. Wanakuja kuchagua kitu kitakachowachukua miaka minne. Aliyepata C+ kwenda juu ana nafasi ya shahada, na ushauri wa nyumbani ni ule ule kila mwaka: ualimu, uuguzi, udaktari kama alama zinaruhusu. Kama mtoto anang'ang'ania kompyuta, basi asome kompyuta yenyewe, si hizi kozi za kuchanganyachanganya.

Hizo za kuchanganyachanganya ndizo tunazitetea leo. Ziko za majina mengi. JKUAT na Strathmore wana BBIT, yaani shahada ya teknolojia ya habari kwa biashara. USIU ina shahada ya mifumo ya habari na teknolojia. Katika shule nyingine za biashara unaingia kama mwanafunzi wa kawaida wa biashara, kisha unachukua mkondo wa usimamizi wa habari. Ndani yake utakuta uhasibu, takwimu, hifadhidata, kuandika programu kiasi, uchanganuzi wa mifumo, usimamizi wa miradi na sheria kidogo.

Sifa yake mtaani si nzuri. Ati ni kozi ya walioogopa hesabu za sayansi ya kompyuta, wakaogopa pia vitabu vya uhasibu, wakaona afadhali wakae katikati. Mwenye sayansi ya kompyuta anakuangalia kama mtu wa kuchapa barua. Mwenye uhasibu anakuita uje urekebishe printa.

Msimamo wetu ni huu: kwa kijana aliyetoka Balambala, au ambaye wazazi wake walitoka huko na yeye akakulia Eastleigh, hakuna kozi ya biashara yenye kazi nyingi inayomsubiri nyumbani kama hii. Lakini aisome akiwa na nyumbani kichwani. Akiisoma kama wanavyosoma wengi, ili apate cheti na kuzunguka na bahasha ya kaki, basi wanaomcheka watakuwa na haki.

Kwanza, kwa nini kompyuta ikafundishwe kwenye shule ya biashara? Jibu liko kwenye chai na keki. Mwaka 1951 kampuni ya Uingereza iitwayo J. Lyons, iliyojulikana kwa migahawa yake ya chai, iliwasha kompyuta iliyoiita LEO na kuipa kazi ya ofisi: kupiga hesabu za mikate na keki zilizotoka kwenye matanuri yake. Wakati huo kompyuta zilikuwa za wanasayansi na majeshi. Watu wa keki ndio walioona kwamba mashine hii inaweza kumwambia meneja ni wapi hela zinapotelea. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Profesa Gordon Davis akaanzisha masomo ya mifumo ya habari katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Ndiyo, Minnesota hiyo hiyo ambako leo ukipiga simu kuna uwezekano binamu yako akapokea.

Mfano wa karibu zaidi uko mfukoni mwako. M-Pesa haikuanza kama unavyoijua. Majaribio yake yalianza mwaka 2005, Safaricom na Vodafone wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu, na lengo lilikuwa wateja walipe mikopo yao kwa simu. Watu walipopewa wakaanza kuitumia kwa mambo yao. Walitumiana pesa. Waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili zisiibwe njiani, wakazitoa walikofika. Waliokuwa wanasimamia majaribio wangeweza kulalamika kwamba wateja wanaharibu mfumo. Badala yake waliangalia, wakaelewa, na Machi 2007 ilipozinduliwa, suala la mkopo lilikuwa limewekwa kando na kilichouzwa ni kutuma pesa nyumbani. Mhandisi alihitajika, hilo halina ubishi. Lakini uamuzi uliobadilisha nchi ulitoka kwa kutazama jinsi watu wanavyoishi na pesa zao, na hilo ndilo somo lenyewe la kozi hii.

Tuongeze mmoja tu. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu katika wizara ya habari na mawasiliano wakati nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, si mhandisi wa mitambo. Ni mtu wa biashara, ambaye amefundisha ujasiriamali katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Haya basi.

Sasa turudi Garissa. Wengi hufikiri eneo hili halina mifumo ya habari, kwamba mfumo utakuja siku minara ya simu itakapoongezeka. Hapo ndipo tunakosea. Mfumo wa habari ni watu, kumbukumbu na kanuni, na mashine kama ipo, vyote vikisaidia mtu fulani kuamua jambo. Dalali wa mbuzi ni mfumo wa habari wenye miguu. Anajua nani ana mbuzi, nani ana pesa, na Kiamaiko kule Nairobi leo wanachinja kwa bei gani. Mfugaji aliyeswaga mifugo yake siku mbili kufika sokoni hajui hilo la tatu, na kwa sababu hiyo anauza hasara. Tofauti kati ya wawili hawa haiko kwenye mbuzi, iko kwenye habari.

Au chukua hawala. Mtu yuko ng'ambo, anatoa dola dukani, na baada ya muda mfupi mama yake aliye Garissa anapigiwa simu aje achukue shilingi. Hakuna noti iliyovuka bahari. Kilichovuka ni jina, kiasi, nambari ya simu na neno la mtu anayeaminika. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilizifungia kampuni 13 za kutuma pesa. Ziliruhusiwa tena Juni. Katikati hapo kuna familia zilizokuwa zinaishi kwa hela hizo, na hazikuwa na uhusiano wowote na mauaji yale. Serikali ilisema haioni nani anamtumia nani. Wenye maduka wakasema wateja wao wanajulikana kwa sura na kwa ukoo. Wote wawili walikuwa wanazungumzia mfumo wa habari, kila mmoja kutoka upande wake, na kati yao hapakuwa na watu wa kutosha wanaojua lugha zote mbili: kanuni za Benki Kuu, na jinsi ukoo unavyotumika kama dhamana. Mtu huyo wa katikati ndiye anayetakiwa kutoka kwenye kozi hii.

Lakini mfano unaouma kuliko yote ni ule wa alama za vidole.

Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, Somalia ilipovunjika. Miaka ya ukame iliyofuata, familia za Kenya zilizopoteza mifugo ziliona kwamba ndani ya kambi kuna chakula, shule na hospitali, na nje hakuna. Nyingine zikaingia, zikajiandikisha. Mzazi aliyekuwa na watoto wenye njaa hakuwa anafikiria hifadhidata. Watoto wakachukuliwa alama za vidole pamoja na watu wazima. Miaka ikapita, mtoto akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka kidole, na mashine ikasema huyu ni mkimbizi. Baba yake ana kitambulisho cha Kenya. Babu yake alikuwa nacho. Yeye hana.

Hawa si watu wachache. Ni makumi ya maelfu, na shirika la Haki na Sheria la Garissa limewapigania kwa miaka. Bila kitambulisho hupati laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti, huajiriwi, hupigi kura, na ukisafiri kwenda Nairobi kila kizuizi cha polisi ni mtihani. Wengine walipita KCSE vizuri wakaishia kukaa nyumbani, maana mkopo wa HELB unaomba kitambulisho.

Sasa angalia kosa lilipo. Mashine haikukosea. Kidole kilikuwa kwenye kumbukumbu, na mashine ikasema kweli kwamba kipo. Kilichokosekana ni swali moja ambalo mtu yeyote aliyesoma uchanganuzi wa mifumo angelazimika kuliuliza kabla ya kuunganisha kumbukumbu mbili: je, kuna mtu anaweza kuwa kwenye zote mbili kihalali, na akiwa hivyo anatokaje? Mfumo ulikuwa na mlango wa kuingilia, hakuna aliyechora wa kutokea. Msimba programu hodari angeweza kuandika programu hiyo bila kosa hata moja na bado ikamnyima uraia mtoto wa Garissa. Ndiyo maana tunasema kozi hii si ya walioshindwa.

Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini agizo la kuondoa msasa wa ziada ambao vijana wa Kaskazini Mashariki walikuwa wakipitishwa kabla ya kupewa vitambulisho. Ni hatua njema, na ilichelewa sana. Lakini agizo la kwenye karatasi halifuti rekodi kwenye hifadhidata. Lazima kuwe na mtu ofisini anayejua rekodi ile iliingiaje, inatolewa kwa utaratibu gani, nani anaidhinisha, na mwenye kidole anapataje ushahidi kwamba imetolewa. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Na ingefaa sana awe mtu ambaye shangazi yake alipitia hayo.

Hata safari ya kuingia chuoni yenyewe imekuwa somo la mifumo. Utaratibu mpya wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023 uliwapanga wanafunzi kwa madaraja kulingana na majibu waliyojaza kwenye fomu ya mtandaoni, na daraja ndilo lililoamua nyumbani kwenu mtalipa ngapi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakiuka Katiba, na mvutano ukaendelea kwenye rufaa. Waache mawakili na yao. Wewe jiulize tu: mtoto wa mfugaji ajaze nini palipoandikwa mapato ya familia? Mwezi huu kumeuzwa mbuzi watatu, miezi miwili ijayo hakutauzwa kitu, na ngamia kumi walio malishoni ni utajiri mvua ikinyesha na ni mifupa isiponyesha. Fomu iliyotungwa na mtu anayelipwa mshahara tarehe 30 haiwezi kumuona mtu huyu sawasawa. Itamuona tajiri, ama haitamuona kabisa.

Kuna mahali kazi hii imefanywa vizuri zaidi, na hapo pia kuna la kujifunza. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake walianzisha Marsabit bima ya mifugo ambayo haimtumi mtu kwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti inaangalia ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, waliokata bima katika eneo hilo wanalipwa. Baadaye ilifika Wajir, ambako kampuni ya Takaful iliiuza kwa utaratibu unaokubalika katika sheria ya Kiislamu, kwa sababu watu walikataa ile ya riba. Tena ni hadithi ya M-Pesa: teknolojia ilikuwepo, lakini haikuuzika mpaka mtu alipouliza wateja wanaamini nini.

Halafu kuna mathenge. Kila aliyetembea kando ya Tana anaujua mti huo wenye miiba, ulioletwa kuzuia jangwa na sasa umekuwa jangwa lenyewe. Kule Baringo wakazi walimpeleka mbuzi aliyeng'oka meno mbele ya hakimu ili waonyeshe ulichowafanyia mifugo wao. Mathenge hubaki kijani hata wakati wa kiangazi kikali. Setilaiti huko juu inaona kijani, haijui kama ng'ombe anaweza kukila. Mwanafunzi wa Nairobi anayesoma takwimu hizo kwenye laptopu yake ataona ramani nzuri. Mwanafunzi wa Sankuri ataitazama ramani hiyo hiyo na kusema, bana, hapa hakuna nyasi. Sentensi hiyo fupi ina thamani, na vyuo vyetu havijui kuitumia.

Maana vyuo navyo vina lawama. Nenda uangalie miradi ya mwaka wa nne katika kozi hizi. Utakutana na mfumo wa kusimamia maktaba, mfumo wa kusimamia hosteli, na mfumo wa kusimamia maktaba tena, safari hii wa rangi ya samawati. Mifano ya darasani inatoka kwenye vitabu vya Marekani, inazungumzia maduka makubwa na mashirika ya ndege. Mwanafunzi aliyekulia sokoni kwa madalali anafundishwa ugavi kama vile hajawahi kuuona. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake ya kuwa chuo kamili mwaka 2017 baada ya kulelewa na Moi, kiko mjini penye mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, na Dadaab iko kaunti hiyo hiyo. Hakuna shule ya biashara Nairobi yenye maabara kama hiyo. Tungependa kuona mradi wa mwaka wa nne ukikataliwa kwa sababu moja tu: kwamba mwanafunzi hakutoka nje ya lango la chuo kuutafuta.

Serikali ya kaunti nayo isijifiche. Kila mnyama anayeuzwa sokoni hulipiwa ada. Zahanati zinapokea dawa. Basari zinagawanywa kwa wadi. Hizo zote ni rekodi, na kila moja ina mahali inapovujia. Badala ya kununua mfumo kutoka kwa kampuni ya mbali na kuita waandishi wa habari kwenye uzinduzi, chukueni wanafunzi kumi wa mafunzo ya kazini kila mwaka, muwape daftari za ada za soko moja, mwaulize tu: pesa hizi zinapita kwa mikono mingapi? Labda jibu halitawafurahisha wakubwa. Labda ndiyo sababu hawajaulizwa.

Tusikudanganye pia. Shahada hii haikupi kazi kwa kuwa tu umeimaliza. Karo ya vyuo vya kibinafsi iko juu, laptopu nzuri ni bei ya ng'ombe, na bando linaisha kabla kazi ya darasani haijaisha. Kwa msichana wa Balambala kuna mlima mwingine tena, wa kuwashawishi watu wa nyumbani kwamba miaka minne mbali nao ina maana. Aliyepata chini ya C+ anaweza kuanza na diploma kwenye chuo cha kiufundi na kupanda kutoka hapo, na wako waliofanya hivyo wakawapita waliotangulia na shahada. Na kama hisabati kwako ni adui kabisa, fikiria mara mbili, kwa sababu takwimu na hifadhidata havitakuhurumia.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza kitufe kwenye tovuti ya KUCCPS, piga simu kwa mwanafunzi aliye mwaka wa tatu kwenye kozi hiyo, umuulize wanafanya mafunzo ya kazini wapi na mradi wa mwisho unachaguliwa na nani. Muulize kama walifundishwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 au waliisikia tu redioni. Majibu hayo yatakuambia mengi kuliko jina la chuo.

Na kama tayari uko ndani ya kozi, likizo hii nenda soko la mifugo lililo karibu na kwenu ukiwa na daftari la kawaida na kalamu. Andika mbuzi wangapi wameingia, wangapi wameuzwa, kwa bei gani, na kati ya waliouza ni wangapi waliojua bei ya Kiamaiko kabla hawajaamka kitako. Laptopu iache nyumbani kwanza.